Njia ya Mickelson: Reli ya dhahabu iliyogeuzwa barabara ya baiskeli

KATIKA jimbo la South Dakota, nchini Marekani, kuna njia ya changarawe yenye urefu wa kilomita 175 inayokata milima kutoka mji wa Deadwood, upande wa kaskazini, hadi mji wa Edgemont ulio kusini. Magari hayaruhusiwi kuipita. Wanaoitumia ni waendeshaji baiskeli, watembea kwa miguu na wapanda farasi; na kila mwaka mwezi wa Juni wakimbiaji wa marathoni huifuata kutoka kijiji cha Rochford hadi Deadwood. Jina lake ni Mickelson Trail, yaani Njia ya Mickelson.

Zamani njia hiyo ilikuwa reli, na reli yenyewe ililetwa na dhahabu. Kwa sababu hiyo anayeipita leo hupita juu ya historia nzima ya machimbo, tangu mwanzo wake hadi kufungwa kwa migodi. Makala haya yanaeleza jinsi njia hiyo ilivyo na jinsi ilivyopatikana. Aidha yanaeleza mambo matatu ambayo migodi iliyaacha nyuma katika milima hiyo: tuta la reli ambalo watu wamelipatia kazi mpya, taka zenye sumu, na dai la ardhi ambalo halijatatuliwa hadi leo.

Milima na dhahabu yake

Milima ya Black Hills imechomoza katikati ya nyanda tambarare za Marekani kama kisiwa baharini. Urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini ni takriban kilomita 200, na upana wake ni kama nusu ya hapo. Kilele kikubwa kuliko vyote, Black Elk Peak, kinapita kidogo mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Miteremko yake imefunikwa na misonobari ambayo kwa mbali huonekana myeusi, na ndipo jina la milima likapatikana. Walakota, ambao ni wenyeji wa nchi hiyo, huiita Paha Sapa, na maana ni hiyo hiyo.

Mwaka 1874 jeshi la Marekani lilituma huko msafara wa watu wapatao 1,000 ukiongozwa na afisa George Custer. Wachimbaji walioandamana na msafara huo waliona dhahabu katika kijito cha French Creek, karibu na mahali ambapo leo pana mji unaoitwa Custer. Habari zilipoenea, maelfu ya watu walimiminika milimani. Kufikia mwaka 1876 walikuwa wamejaa katika bonde jembamba la Deadwood, wakichuja mchanga wa vijito kwa karai.

Dhahabu ya mchangani haikudumu. Utajiri mkubwa ulikuwa ndani ya mwamba, kilomita chache kutoka Deadwood, mahali palipoitwa Lead. Huko ndiko mgodi wa Homestake ulikogunduliwa mwaka 1876, na mwaka uliofuata ukanunuliwa na tajiri George Hearst pamoja na wenzake. Homestake ulichimbwa kwa muda wa miaka 125 hivi. Ulishuka hadi kina cha takriban mita 2,400 chini ya ardhi na kutoa wakia milioni 40 za dhahabu, ambazo ni zaidi ya tani 1,200.

Dhahabu haikuwa madini pekee. Karibu na Hill City, katika miaka ya 1880, wawekezaji kutoka Uingereza walimwaga fedha nyingi wakitarajia bati, lakini mradi huo ulianguka katika mwongo uliofuata. Kandokando ya mji wa Custer kulichimbwa ulanga. Upande wa kusini, karibu na Edgemont, urani iligunduliwa katika miaka ya 1950.

Jinsi reli ilivyogeuka kuwa njia

Mgodi wa mwambani huhitaji mashine nzito, makaa ya mawe na magogo ya kuegemeza mapaa ya mahandaki. Mikokoteni ya kuvutwa na maksai haikutosheleza mahitaji hayo. Mnamo mwaka 1890 na 1891 kampuni ya reli ya Burlington ilijenga njia yake kutoka Edgemont kupenya katikati ya milima hadi Deadwood. Kwa takriban miaka 90 reli hiyo ilichukua shehena za migodi, mbao na abiria.

Migodi midogo ilipofungwa na malori yakachukua mizigo, faida ya reli ilipungua. Mwaka 1983 kampuni ya Burlington Northern iliiacha. Hapo ndipo palipokuwa na hatari kubwa kwa wale waliotamani kuuhifadhi ukanda huo. Reli inapoachwa, mataruma hung'olewa na kuuzwa, madaraja hubomolewa na kila mwenye shamba jirani hudai kipande chake. Ukanda uliounganisha miji sita au saba ukishakatwakatwa hivyo, kuuunganisha upya ni kazi ngumu mno, kwa maana kila kipande hudai mazungumzo yake na bei yake.

Mwaka huo huo wa 1983 bunge la Marekani lilirekebisha sheria ya njia za taifa na kuruhusu kanda za reli zilizoachwa zihifadhiwe zikiwa nzima, zitumiwe na umma kama njia za miguu na baiskeli, huku nafasi ya kurudisha treni siku za usoni ikibaki wazi. Katika Black Hills kundi la wapenda matembezi lilianza kuishawishi serikali ya jimbo iuchukue ukanda wa Burlington. Baadhi ya wenye mashamba walipinga, wakihofia wageni kuvuka ardhi yao na kusumbua mifugo. Gavana George Mickelson aliliunga mkono wazo hilo, na sehemu ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1991. Gavana huyo alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1993, kabla ya kazi kukamilika, na njia ikapewa jina lake. Kilomita zote 175 zilikamilika mwaka 1998.

Leo njia hiyo inasimamiwa na idara ya jimbo inayoshughulikia wanyamapori na bustani za umma. Ina madaraja ya reli zaidi ya 100 yaliyotengenezwa upya, mahandaki manne yaliyopasuliwa mwambani na vituo 15 vya kuingilia. Watumiaji wenye umri wa miaka 12 na zaidi hulipa ada ndogo ya siku au ya mwaka mzima.

Safari kutoka Deadwood hadi Edgemont

Sifa kubwa ya njia hii inatokana na udhaifu wa treni. Magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma huteleza mlima unapokuwa mkali, hivyo wahandisi walilazimika kuzungusha tuta kando ya milima na kuchonga miamba ili mwinuko usizidi kiasi. Kwa sehemu kubwa njia hii haipandi zaidi ya mita nne kwa kila mita 100 za mwendo. Hivyo mtu wa kawaida mwenye baiskeli yenye gia anaweza kuvuka milima ambayo barabara za magari huipanda kwa shida.

Hata hivyo, mwinuko mdogo ukiendelea kwa saa mbili mfululizo huchosha. Deadwood iko katika kimo cha takriban mita 1,380. Kutoka hapo njia hupanda kwa zaidi ya kilomita 20 bila kupumzika hadi Dumont, sehemu ya juu kuliko zote, yenye kimo cha karibu mita 1,900. Wengi huona kwamba hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko nyingine. Wanaotaka wepesi huanzia Dumont.

Baada ya Dumont njia huteremka hadi Rochford, kijiji kilichoanza kama kambi ya wachimba dhahabu katika miaka ya 1870 na ambacho sasa kina wakazi wachache sana. Kati ya Rochford na Mystic njia hufuata mabonde membamba yenye vijito, na ndiko yaliko mahandaki. Mystic nayo ilianza kama kambi ya dhahabu mwaka 1876. Leo msafiri huona hapo nyumba chache, kanisa dogo la mbao na utulivu wa msitu.

Hill City ndio mji wa kupumzikia. Una maduka, mahali pa kula na pa kulala, pamoja na reli ya watalii ambayo tangu mwaka 1957 imekuwa ikiendesha treni za mvuke hadi Keystone. Kati ya Hill City na Custer njia hupanda tena, na msafiri huona kwa mbali mlima unaochongwa sanamu ya Crazy Horse, kiongozi wa Walakota aliyepigana na jeshi la Marekani. Kazi ya kuuchonga ilianza mwaka 1948 na bado haijakamilika.

Kutoka Custer hadi Edgemont, mwendo wa takriban kilomita 70, njia kwa jumla huteremka. Misonobari hupungua baada ya kijiji cha Pringle, nyasi hutanda, na joto huongezeka. Edgemont iko katika kimo cha mita 1,050 hivi. Waendeshaji wengi huigawa safari nzima kwa siku tatu, wakilala Hill City na Custer.

Kwa wenye misuli na uzoefu zaidi, msitu wa taifa wa Black Hills umejaa barabara nyingine za changarawe zilizopasuliwa na wachimbaji na wakataji mbao. Barabara hizo hazina huruma ya reli: hupanda wima, hushuka wima, na malori ya mbao bado huzipita. Ramani ni lazima, kwa sababu nyingine huishia mbele ya shimo la mgodi uliosahauliwa.

Baiskeli na maandalizi

Mchezo wa kuendesha baiskeli kwenye changarawe si mgeni kwa Wakenya. Tangu Juni 2021 mbio za Migration Gravel Race zimekuwa zikifanyika katika nchi ya Wamaasai, zikiwaleta pamoja waendeshaji wa Afrika Mashariki na wale wa ng'ambo. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa nahodha wa timu ya Amani, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio za aina hiyo huko Vermont, Marekani. Kifo chake kiliwakumbusha wengi kwamba changarawe kwenye mteremko ni adui hata wa mjuzi.

Baiskeli inayofaa kwa Njia ya Mickelson ni yenye tairi pana kuliko zile za barabara ya lami, zenye upana wa milimita 35 au zaidi, pamoja na gia nyepesi na breki za kuaminika. Baiskeli ya milimani inafaa kabisa. Njia imefunikwa kwa mawe ya chokaa yaliyosagwa na changarawe ndogo. Ikikauka hubeba tairi vizuri, ikinyeshewa hulainika na kukamata.

Msimu mzuri huanza Mei na kumalizika Septemba. Kipindi cha baridi theluji hutanda, na kati ya Deadwood na Dumont hupita magari madogo ya thelujini. Wakati wa kiangazi mvua ya radi na mawe huweza kuzuka alasiri bila onyo refu, kwa hiyo ni busara kuanza safari alfajiri. Maji hayapatikani katika kila kituo, nayo simu hukosa mawimbi mabondeni. Msafiri abebe maji ya kutosha, chakula, pampu, mipira ya akiba, koti la mvua, na taa ya kupitia katika mahandaki. Kusini kuna nyoka wenye sumu wapendao kuota jua. Baadhi ya sehemu hupita katikati ya mashamba ya watu, na kila lango lililokutwa limefungwa sharti lifungwe tena.

Kubwa zaidi ni hili: mtu asiingie katika shimo la mgodi hata kama mlango uko wazi. Magogo yaliyoegemeza paa yameoza, na hewa ya ndani huenda haina oksijeni. Asiyejua huzirai kabla ya kutambua hatari.

Sumu iliyobaki

Mawe yanaposagwa ili dhahabu itolewe, kinachobaki ni matope mengi mno. Kwa takriban karne nzima mgodi wa Homestake ulimwaga matope hayo katika mto wa Whitewood, ambao hupita Deadwood. Yalikuwa na aseniki, sumu iliyokuwa imefungwa ndani ya mwamba. Umwagaji huo ulikoma mwaka 1977. Mwaka 1983 sehemu ya chini ya mto iliingizwa katika orodha ya serikali kuu ya maeneo yaliyochafuliwa vibaya, na ikatolewa mwaka 1996 baada ya kusafishwa.

Mfano wa Gilt Edge, mgodi mwingine ulio kusini-mashariki ya Lead, ni mchungu zaidi. Kampuni iliyoumiliki ilifilisika mwaka 1999 na kuacha mashimo yaliyojaa maji yenye asidi. Mwaka 2000 serikali ilianza kubeba mzigo wa usafishaji, na gharama imepita dola milioni 100. Aliyechukua faida alikwishaondoka. Aliyebaki kulipa ni mlipa kodi.

Mgodi wa Homestake wenyewe ulifungwa rasmi mwaka 2002. Lead, mji uliokuwa na watu zaidi ya 8,000 mwaka 1910, ulikuwa na takriban 3,000 mwaka 2020. Hata hivyo mahandaki yake hayakukaa bure. Tangu miaka ya 1960 mwanasayansi Raymond Davis alikuwa na chombo katika kina cha karibu mita 1,480 cha kunasa chembe ndogo zitokazo katika jua, na mwaka 2002 alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo. Leo mgodi huo ni maabara ya chini ya ardhi. Deadwood nayo ilihalalisha kamari mwaka 1989, na sehemu ya mapato ikaelekezwa katika kuhifadhi majengo ya kale. Kwa hiyo si haki kusema kwamba baiskeli imechukua nafasi ya dhahabu. Imekuwa riziki moja miongoni mwa kadhaa, hasa kwa vijiji ambavyo havina kamari wala maabara.

Wala si migodi yote iliyonyamaza. Wharf, karibu na Lead, bado inachimba dhahabu, na makampuni mengine yanaendelea kutafuta mishipa mipya.

Ardhi ya nani?

Kabla ya msafara wa Custer, ardhi hii ilikuwa na mwenyewe kisheria. Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliyatengea Black Hills mataifa ya Wasioux, ambamo Walakota wamo, na ukaeleza kwamba hakuna kipande kitakachotolewa pasipo saini za robo tatu ya wanaume wao watu wazima. Dhahabu ilipoonekana, mkataba uligeuka karatasi tupu. Mwaka 1877 bunge la Marekani liliichukua milima kwa makubaliano yaliyotiwa saini na sehemu ndogo tu ya wanaume hao, yapata mmoja kati ya kumi.

Kesi ilichukua miongo mingi. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba milima ilichukuliwa bila malipo ya haki, na fidia ya dola milioni 17.1 pamoja na riba tangu mwaka 1877 ikathibitishwa, jumla ikipita dola milioni 100. Wasioux walikataa kuzichukua. Msimamo wao ni kwamba ardhi haikuuzwa, kwa hiyo hawawezi kupokea bei yake. Fedha hizo zimebaki katika akaunti ya serikali na kwa riba zimepita dola bilioni moja.

Msomaji wa Kenya ana kisa cha jirani cha kulinganisha. Sheria ya mwaka 1930 iliahidi kwamba ardhi za wenyeji zingekuwa mali yao milele. Dhahabu ikagunduliwa Kakamega mwaka 1931, na kabla ya mwaka 1932 kuisha sheria hiyo ilirekebishwa ili ardhi ya machimbo iondolewe bila wenyeji kushauriwa wala kupewa ardhi nyingine badala yake. Mgodi mkubwa wa huko, Rosterman, ulifungwa mwaka 1952. Nchi ni mbili na tawala ni mbili, lakini mwendo ulikuwa mmoja: ahadi ya milele haikuhimili kuonekana kwa dhahabu.

Njia ya Mickelson haiwezi kulimaliza dai la Walakota, wala haikuundwa kwa ajili hiyo. Funzo lake ni la namna nyingine. Ukanda wa reli ulinusurika kwa sababu watu waliushughulikia mapema, ungali mzima, na wakapata sheria ya kuulinda. Mto wa Whitewood na Gilt Edge ilishughulikiwa baada ya madhara kutokea, na gharama ikawa kubwa. Ardhi haikushughulikiwa kwa haki tangu mwanzo, na hadi leo hakuna fedha iliyotosha kuituliza. Nchi yoyote inayofungua mgodi leo yafaa ijiulize mapema tuta, taka na ardhi vitakuwa mikononi mwa nani siku wachimbaji watakapoondoka.